Mlango Uliofunika Tundu la Mvua

Nyumba aliyotuachia baba ilikuwa na ngazi tatu za kupandia. Siku hizi ina ngazi za kushukia. Nyumba haikusogea. Kilichosogea ni barabara.

Mtaa wetu uko Ng'ambo, mahali ambapo wakubwa wanasema zamani palikuwa bonde la mpunga, na maji hayajasahau. Kila masika yalikuja kutazama kama mpunga umeota. Kwa hiyo sheha, kiongozi wa mtaa, alipotutangazia kwamba njia yetu itatiwa kifusi, itapangwa matofali na kuchimbiwa mtaro wa mvua, watu walifurahi, na mimi nilifurahi kuliko wote. Nilikuwa na sababu yangu.

Mama alitangulia, baba akamfuata. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule kidato cha pili nikakaa nyumbani kuchoma maandazi na kulea wadogo zangu watatu. Ami yetu, mdogo wake baba, alituvumilia kwa muda, kisha akasema neno lake. Masika mengine maji yakiingia ndani, nyumba haifai kukaliwa na watoto. Itauzwa. Mdogo wangu wa kiume atakwenda kwake, wale wawili wa kike watakwenda Jambiani kwa shangazi, na mimi Mungu atanipa mume. Alituambia hayo kwa upole, kama mtu anayegawa nyama ya sadaka. Sikubishana naye. Nilijua tu kwamba wadogo zangu hawatolala nyumba mbalimbali.

Mafundi wakaja. Kifusi kikamwagwa, kikashindiliwa na mashine mpaka sahani kabatini zikawa zinasemezana. Barabara ikapanda. Ilizimeza ngazi zetu, kisha ikalizika baraza letu la nje, lile la mawe ambalo baba alikuwa akilikalia kila alasiri na wazee wenzake wanne, wakicheza karata na kunywa kahawa. Tuliliona likizama siku baada ya siku, hadi likatoweka kabisa.

Wazee hawakutoweka. Baba alipokuwa mgonjwa aliwaambia, na ami alikuwepo, "Baraza hili lenu, hata mie nikiondoka." Basi asubuhi baada ya matofali kupangwa, walikuja na mkeka wao, wakautandika juu ya barabara pale pale ambapo chini yake baraza limezikwa, wakakaa. Migongo waliegemeza ukutani kwetu kama zamani, ila sasa ukuta ulikuwa umepungua na dirisha limeshuka, kwa hiyo vichwa vyao vilikuwa ndani ya sebule yetu.

"Mwanangu," kichwa kimoja kiliniambia siku hiyo, "hicho kitunguu kinaungua."

Msimamizi wa mafundi alikuja kuwasihi. "Wazee wangu, hapa ni barabara."

"Barabara imekuja juzi," alijibu mzee mkubwa wao, fundi seremala mstaafu mwenye ndevu nyeupe. "Sisi tumeikuta, au yeye ndiye katukuta?"

Msimamizi akafikiri, akaona kweli barabara ndiyo iliyowakuta. Akaondoka. Bodaboda zikajifunza kuwazunguka.

Taabu ilikuwa moja. Pale walipokaa ndipo mahali pa chini kabisa pa mtaa, na mhandisi, kwa akili zake timamu, alikuwa ameweka tundu la kuingizia maji mtaroni, lenye wavu wa vyuma juu yake. Wazee walitandika mkeka juu ya wavu ule. Wiki ya kwanza kilianguka kikombe. Wiki ya pili, seremala akiwa ameshika mkono wa kushinda, ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote, ikamponyoka, ikateleza ukingoni mwa mkeka, ikaingia tundu. Tuliisikia ikigusa maji.

Kesho yake seremala alikuja na ubao mzito wa mninga. Ulikuwa mlango wa choo chake cha zamani, na bawaba zake bado ziko. Wakaulaza juu ya tundu, mkeka juu ya mlango, na wao juu ya mkeka.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha mchana. Maji yalikuja kwa adabu kabisa, yakifuata mteremko kama mhandisi alivyoyapangia, hadi yakafika tunduni. Yakakuta mlango umefungwa. Yakafanya kama mgeni yeyote, yakatafuta ulio wazi. Wetu.

Wazee nao mvua iliwakimbiza, na nyumba ya karibu ilikuwa yetu. Waliteremka ngazi na karata zao na vikombe vyao, wakapanda makochini na miguu wameikunja, wakaendelea kucheza huku maji yakiwafuata kwa nyuma. Mlango waliuacha pale pale.

Mvua ilipokatika walirudi nje kukaa, nami nikawaendea.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea maandazi?"

"Nimekuja kuomba muuondoe mlango."

"Mlango upi?"

"Huo mliokalia."

"Huu si mlango," alisema seremala. "Huu ni ubao. Mlango una nyumba."

"Basi ubao. Mvua ikija, ondoeni ubao kwanza, ndiyo mkimbie."

Walinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mvua ikija mzee anabeba mwili wake. Ubao utabebwa na nani?"

Nikawaambia basi tuuinue, tuuwekee matofali pembeni, maji yapite chini yake. Hapo wote wanne walikasirika kidogo.

"Baraza halina miguu," alisema seremala. "Chenye miguu ni kitanda. Unatuona wagonjwa?"

Jioni walipoondoka nilikuwa nauburura mlango mpaka ukutani, mimi na wadogo zangu. Alfajiri walikuwa wanaurudisha. Na mvua ya masika yale, sijui nani alikuwa anaiambia, ilikuwa inanyesha mchana tu. Nikamwita sheha. Sheha alikuja, akakunja uso, akakaa nao ili alizungumze jambo hilo vizuri, akapewa kahawa, akapewa karata. Nilipomtazama tena dirishani alikuwa anashinda.

Ijumaa moja baada ya sala ami alikuja, na nyuma yake mtu mwenye mwavuli aliyetaka kununua. Mvua ilikuwa imeshuka tangu wanatoka msikitini. Walitukuta ndani sote: wadogo zangu juu ya meza, wazee makochini, mimi katikati ya maji nikichota kwa ndoo, na kandambili za seremala zikielea zikielekea jikoni.

"Si nlikwambia?" ami alimwambia mwenzake, na naona alikuwa ameridhika. "Nyumba inaingia maji. Bei yake tutasikizana."

Seremala hakuinua macho. "Haya si maji ya nyumba, yakhe. Haya ya baraza."

"Baraza liko wapi?" aliuliza mnunuzi.

"Umesimama humo. La nje limezikwa, tumehamia ndani. Marehemu katuachia. Huyu hapa shahidi." Akamwonesha ami kwa karata. "Au hukuwepo?"

Ami alijibu. "Nlikuwepo. Lakini marehemu alikusudia..."

"Alikusudia alichokisema," alidakia mzee mwengine. Kisha akamgeukia mnunuzi kwa uso mkunjufu. "Karibu sana. Sisi kahawa yetu ni baada ya alasiri, na ukipenda baada ya magharibi. Kashata mwenzangu huyu hali za karanga, meno. Mtengenezee za nazi. Mkeo anajua kashata?"

Mnunuzi alimwangalia ami. "Hukunambia kama nyumba ina watu."

"Hawa ni wazee tu."

"Ndiyo maana," alisema mnunuzi. "Kijana ningemtoa." Akafungua mwavuli wake mle mle ndani, akapanda ngazi, akaenda zake.

Ami alibaki amesimama, kanzu yake imelowa mpaka magotini. Alisema yeye ni mtu wa neno lake, atarudi kwenye mvua za vuli, na akiyakuta maji tena, mnunuzi au si mnunuzi, watoto atawachukua.

Mpaka leo sijui kama wazee walitutetea sisi au walitetea makochi. Sikuwauliza. Nilisubiri ami apotelee kwenye kona, nikaweka ndoo chini.

"Wazee wangu," nikasema, "mmetamka mbele ya watu wawili kwamba baraza limo humu ndani."

"Ndiyo."

"Basi la nje si baraza tena."

Seremala akashusha karata zake.

"Kama si baraza," nikasema, "laweza kuwa na miguu."

Mmoja alikohoa. "Mtoto katubana," alisema.

Jioni ile nilikusanya matofali ambayo mafundi walikuwa wameyaacha pembeni ya njia, nikayapanga pembe nne, na wazee wenyewe, wakilalamika migongo, wakaupandisha mlango juu yake. Chini yake tundu likabaki wazi. Seremala aligongomea ukingo wa ubao kuzunguka pande zote ili ree isiteleze.

Vuli ilipokuja, mvua ilianza mchana kama kawaida yake. Wazee wakakimbilia ndani kama kawaida yao, wakapanda makochini, wakakunja miguu. Nje maji yalipita chini ya mlango, yakaingia tundu, yakaenda zake. Wazee walikaa wakitazama sakafu kavu kama watu walioalikwa karamuni na chakula hakiletwi.

"Leo hayaji?" aliuliza mmoja.

Ami ndiye aliyekuja. Aliteremka ngazi akiwa ameipandisha kanzu mpaka magotini, viatu ameshika mkononi, akasimama katikati ya sebule yetu na miguu mitupu, pakavu. Akatazama chini. Akatazama pembeni. Kwa kitambo alisahau kuishusha kanzu.

Mdogo wangu wa mwisho, yule ambaye angekuwa Jambiani, akamletea kikombe cha kahawa.

"Kaa, yakhe," alisema seremala, akimsogezea karata. "Lakini ushushe hiyo kanzu, kuna watoto."