Kaka yangu analipa publicité, wateja wananipigia mimi

Admin, jina langu usiliweke, kwa sababu hapa Bukavu familia yetu inajulikana kwa kazi yake. Nina miaka thelathini na nane, ni mjane, nina watoto watatu. Tunatengeneza masanduku ya maiti. Msikimbie, someni mpaka mwisho, maana mimi mwenyewe nimefikia mahali sioni mbele.

Atelier, karakana yetu, aliianzisha marehemu Papa, baba yetu, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Alipokufa tukabaki wawili, mimi na yaya, kaka yangu mkubwa. Yeye mbao, mimi wateja. Wateja wetu wakubwa hawako hapa. Wako Ubelgiji, Kanada, Afrika Kusini. Mzazi anakufa huku, watoto wako huko, na sanduku linatafutwa kwenye simu. Sikusomea informatique, mambo ya kompyuta. Nilijifunza peke yangu, kwenye simu ya kioo kilichopasuka, mpaka nikafungua site, tovuti yetu, kwa jina la Papa. Niliandika kila kitu mtu wa mbali anachotaka kujua: mbao za libuyu na za eucalyptus zinatofautiana vipi, maiti inatolewaje morgue, yaani mochwari, ukiipeleka Kalehe wakati wa mvua gari inapita wapi, viti na bâche, yale maturubai ya matanga, vinakodiwa wapi. Miaka minne nikiandika. Mtu akitafuta "cercueil Bukavu", yaani sanduku la maiti Bukavu, sisi tulikuwa tunatokea karibu na juu, bure.

Kisha yaya akaanza kulipia publicité, tangazo la mtandaoni. Ile inakaa juu kabisa, na kila mtu akiigusa, unalipa. Sikukataa. Wateja waliongezeka, mimi mwenyewe nilihesabu. Ubaya ulianza pale alipotaka kujua nini kinawaleta. Alikuwa anamuuliza mtu mmoja tu: yule anayelipa. Na ninyi mnajua kwetu, sanduku la mzazi analipa mtoto mkubwa, lakini anayehangaika kutafuta kwenye simu ni mdogo. Mkubwa anajibu, "Niliona publicité yenu mu groupe ya familia." Hajui kwamba kabla ya kuambiwa atume pesa, wadogo zake walishaandika jina letu, wakasoma kurasa zangu zote, wakaona hatuko wezi. Watu wa nje wameibiwa sana. Hakuna anayetuma pesa ya msiba kwa sababu ya publicité peke yake.

Nilimweleza yaya. Akanicheka mbele ya wafanyakazi.

"Weye unaandikaka hadithi, miye naleta wateja. Hadithi inalipaka nani?"

"Yaya, vyote viwili vinasaidiana. Publicité inaita, kurasa zinatuliza roho ya mutu."

"Basi nenda uwatulize roho kwako. Atelier ya Papa iko ya mwanaume. Weye ulishaolewaka."

Mume wangu yuko kaburini, na yaya huyo huyo ndiye aliyelipigia misumari sanduku lake. Akanitoa hivyo hivyo, bila hata kuniuliza watoto watakula nini. Site hakuiulizia, aliiona takataka. Nikaondoka nayo kwa sababu, ingawa inaitwa kwa jina la Papa, imesajiliwa kwa jina langu. Nikaenda mtaa wa Kadutu kwa fundi mmoja mwenye kibanda, awe ananitengenezea masanduku, na kwenye site nikabadilisha namba ya simu tu. Jina la Papa nikaliacha pale pale.

Sasa sikieni kilichotokea. Yaya analipia publicité kwa jina la Papa. Watu wanaiona, wanaogopa kutapeliwa, wanatafuta lile jina ili wahakikishe, wanaangukia kwangu. Wananipigia mimi. Nauliza kila mmoja amenijuaje, na katika kumi, saba wanasema waliona publicité kwanza. Yaya analipa, mimi navuna. Naye anavyoona wateja wanapungua, ndivyo anavyozidi kulipia. Ameshauza mashine ya Papa ya kupiga randa. Wafanyakazi wawili amewafukuza.

Mngesema ni haki yake. Hata mimi nilisema hivyo, nikacheka. Lakini wiki moja kadi yake ilikosa pesa, publicité ikazimika, na simu yangu nayo ikanyamaza. Alipiga mtu mmoja tu. Nikaelewa kwamba yaya akifa kibiashara, nami namfuata.

Na Mama anaishi kwake. Ana sukari, dawa zake zinanunuliwa kwa pesa ya ile atelier. Juzi alinipigia.

"Mutoto yangu, kazi imekufa kwa kaka yako. Analala na hasira, dawa yangu imeisha. Unajua ni nini?"

Nikamuuliza dawa imeisha tangu lini.

"Nakuuliza weye, juu weye ndiye unajuaka mahesabu."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Dawa nilimtumia kwa mtoto wa jirani, nikakataza asiseme zimetoka wapi.

Nikimwambia yaya ukweli, atasema site ni ya jina la Papa, aichukue na kunifukuza mara ya pili. Namjua. Nikinyamaza, Mama anaumia kwa mkono wangu.

Leo amenipigia binti mmoja aliyeko Ubelgiji.

"Maman, Papa yetu amekufa, iko morgue ya hapo Bukavu. Niliona publicité yenu nikaogopa, juu kuna mutu alishatuibia. Nikaandika jina, nikasoma yote uliandika. Nililia. Ni weye mutoto ya ule muzee mwenye jina?"

Nikasema ndiyo. Na hapo sikudanganya.

Anasubiri nimwambie atume pesa kwa nani. Baba yake atapata sanduku zuri, hilo sina shaka. Ila sijui litoke kwa fundi wangu wa Kadutu au kwa mikono ya kaka yangu. Ninyi mnaosoma, mlio na ndugu na mama, semeni nami kabla hajapiga tena: nifanye nini?