Mwimbaji wa Nyimbo Zote

Utotoni niliamini, na watoto wote wa Kasulu waliamini nami, kwamba nyimbo zote duniani zinaimbwa na mtu mmoja: Hamisi, mwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu pale stendi. Ushahidi tulikuwa nao. Katikati ya kila wimbo, uwe wa bendi ya Kongo, kwaya ya Warundi au bongo fleva, sauti yake ilichomoza: "Hamisi wa Kasulu, muziki nyumbani kwake!" Hata sauti za kina dada tulimpa yeye.

Juzi bodaboda ilipita ikipiga mmoja wa nyimbo hizo, zilizonifundisha kutunga zangu. Sauti ya Hamisi ikachomoza, nami, mtu mzima mwenye cheti cha shule ya jioni, nikasimama katikati ya barabara kama nguzo ya umeme.

Nilikumbuka alasiri niliyompelekea wimbo wa mama. Mama aliuimba kwa Kiha akimenya mihogo, na mimi nilitaka dunia nzima iusikie. Kibanda kilinuka plastiki ya moto na karanga. Niliuimba wote, macho nimefumba.

"Sasa uimbe wewe, baba," nikamwambia. "Wewe ndiye fundi."

Hamisi alizima muziki. Hakucheka. Akanisogezea simu yake mdomoni, akabonyeza kurekodi.

"Mwanangu, mimi sijui kuimba hata kidogo. Nyimbo ni za watu, mimi nachomeka jina tu. Huu wa mama yako imba mwenyewe, na jina langu sitaliweka."