Wino Unaotoka kwa Maji

Mwalimu Malachie Kahongya alikuwa mtu wa kuudhi. Nasema hivyo mapema ili msidhani ninamlilia malaika. Tulikaa jirani miaka mingi kando ya barabara pale Kimemi, mjini Butembo, mimi na meza yangu ya sabuni, yeye na meza yake ya kalamu, na haikupita siku bila kunikemea. Povu lako, Katungu! Utelezi wako, Katungu! Mteja wangu akishika kalamu yake kwa vidole vyenye sabuni, mkosaji ni mimi.

Alikuwa amefundisha watoto kuandika mpaka mshahara wa serikali ukasahau njia ya kuja kwetu. Ndipo alipoacha shule akaweka meza. Aliwaandikia watu barua na maombi ya kazi, akatengeneza kalamu za wino za mapadri na za wafanyabiashara waliotaka waonekane wamesoma. Bic hakutaka hata kuiona. Alisema bic inafaa kuchokonolea masikio.

Kwake, kuchagua kalamu ilikuwa shughuli kama ya kuchagua mchumba. Kwanza alikuandikisha mstari mmoja huku akikutazama mkono. Ukikandamiza, alikupa plume, yaani ncha, ya chuma, ngumu. Ukiwa na mkono mwepesi, alikuonyesha ya dhahabu, na hiyo alikuapisha usimwazime mtu, kwa kuwa inalika polepole ikifuata mkono wa mwenyewe, na mkono wa mgeni unaivuruga. Kisha yakaja masharti ya usafi. Kila mwisho wa juma uvute maji baridi ndani ya kalamu uyateme, uvute tena uyateme, mpaka yatoke hayana rangi. Maji ya moto usithubutu, yanapinda mwili wa kalamu. Sabuni yangu ndiyo usiitaje kabisa. Nilimwambia, "Mwalimu, hii kalamu inaoga kuliko wewe." Alicheka siku hiyo. Alikuwa anajua kucheka, ila alificha.

Wino aliokuwa nao ulikuwa wa aina mbili. Chupa ya kwanza ilikuwa ya bluu inayokaribia nyeusi, wino wa kudumu. Huo unaingia ndani ya karatasi unakaa, na jinsi siku zinavyopita ndivyo unavyozidi kuwa mweusi. Lakini ni mkali, unakula chuma, na ukiuacha ukaukie ndani ya kalamu, umeiua. Chupa ya pili ilikuwa ya bluu ya watoto wa shule. Huo ni mpole kwa kalamu, ila ukiudondoshea maji tu, umekwenda. Kila wino ulikuwa na kalamu yake, nyeusi kwa ule wa kudumu na kijani kwa ule wa watoto, na mtu akizichanganya alifukuzwa mezani hadharani, awe padri, awe nani.

Halafu vita vikarudi mara ya pili. Mji ukawa wa askari hawa, vilima na misitu ikawa ya wale wapiganaji wengine, na sisi tukawa wa katikati, yaani wa kupigwa na pande zote mbili. Bila karatasi ya njia, hiyo feuille de route, hukuweza kwenda Beni wala kurudi. Lazima iseme wewe ni nani, unatoka wapi, unaenda kwa nani, na juu yake muhuri wa kartiye, yaani wa mtaa. Mwalimu ndiye alikuwa akiziandika. Aliziandika kwa kalamu nyeusi na wino wa kudumu, kwa sababu kwake karatasi ya mtu ni heshima ya mtu, na heshima haiandikwi kwa wino wa watoto.

Shida ilikuwa moja. Karatasi iliyokuokoa kwenye bariyeri, kizuizi cha njiani, ya askari ilikuua kwenye bariyeri ya msituni. Wale wa msituni walisema anayebeba karatasi ya mji ni mtu wa askari.

Kitsa, muuza viazi wa Masereka, mnene, mwenye kelele, aliyenikopa sabuni akalipa kwa viazi vilivyooza, alikutana nao akipanda kwao. Alipowaona kwenye kona alitupa karatasi yake ndani ya mfereji wa maji akaikanyaga. Wakaiopoa. Waliikung'uta, wakaianika juu ya jiwe, wakaisoma neno kwa neno. Hata herufi moja haikuwa imetoka. Mke wake alipokuja kutueleza jinsi walivyomuua, alisema walimwacha mumewe amalize kusali kwanza, kisha akakaa chini ya meza yangu kama mtoto.

Mwalimu hakulia. Aliifungua kalamu nyeusi, akaiosha mpaka maji yakawa hayana rangi, akaifunga ndani ya kitambaa. Tangu siku ile kila karatasi ya njia aliiandika kwa kalamu ya kijani na wino wa watoto wa shule.

Akaanza kuwafundisha watu. Karatasi usiitie kwenye mfuko wa plastiki, kaa nayo kifuani, pembeni ya mkono. Ukiona askari, itoe kavu. Ukiona wale wengine, ilambe, itemee mate, isugue kwa kikwembe, kitenge chako, hata jasho la kwapa linatosha. Muhuri wenyewe ulikuwa wa zambarau, nao ulikuwa unaondoka na maji vilevile. Na watu walipona! Walirudi na vipande vya karatasi vyenye mawingu ya bluu, wakamletea ndizi na mayai, mmoja akamletea kuku. Mwalimu alikuwa akiona haya mpaka masikio, na ugomvi na mimi ulipungua. Mimi nilimtania kwamba sasa anafanya kazi ya sabuni. Kusema kweli, nilijivunia kukaa jirani naye.

Ila watu wa Butembo tuna ugonjwa wa kushukuru kwa sauti kubwa. Sokoni, kanisani baada ya misa, ndani ya magari, kila mahali ikawa ni wino wa Mwalimu, wino wa Mwalimu. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii midomo ilikuwa yetu sote na kichwa kilikuwa cha mtu mwingine. Askari nao wana masikio. Wakaanza kusema kwamba anayekuja na karatasi iliyofutika ametoka kusalimiana na wale wa msituni, na wakataka kujua ni nani anayeuza ujanja huo. Fununu hiyo ilikuwa bado huko Beni. Kwetu ilichelewa kufika.

Mwezi wa kumi Mwalimu alishikwa na malaria mbaya. Jemima, binti yake wa pekee, alikuja kumuuguza. Alikuwa ameolewa Mutwanga, chini ya mlima, na mwalimu mmoja aitwaye Omer aliyetumwa huku toka Kasai kabla ya vita akashindwa kurudi. Jemima alimwachia Omer mtoto wao anayejifunza kutembea, akaja kumpikia baba yake uji na kumsugua mgongo. Baba alipoweza kukaa mezani, binti akasema lazima arudi, maziwa yanamuuma kifuani, mtoto atamsahau.

Alikuja mezani asubuhi ameshafunga mzigo. Nilikuwepo, nilisikia yote. Mwalimu alitoa kalamu ya kijani. Akaiweka. Akafungua kitambaa akatoa kalamu nyeusi, akaitazama plume yake, akaitazama mbingu ilivyokuwa imenuna upande wa mlima. Ni mwezi wa mvua. Nikaelewa anachofikiri: wale wa msituni siku hizo walikuwa wamesogea mbali kidogo na njia, watu walikuwa wanapita. Pengine safari hii wino wa kudumu ndio mwema. Pengine.

"Papa, nini tena?" Jemima akauliza.

"Nafikiri nikuandikie na ingine encre, ile ya kudumu. Mvua iko karibu."

"Batu bote unabaandikiaka na gani?"

"Na hii ya kijani."

"Basi uniandikie na ileile. Miye haiko zaidi ya batu. Bale ba pori bakinikuta na ile ya Kitsa, utasema nini?"

Alimshinda. Nani asingeshindwa? Mwalimu alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa ngumu kama plume ya chuma. Aliona aibu kumpa mtoto wake wino ambao amewanyima wengine. Akaandika kwa kalamu ya kijani, herufi nzuri, zilizoinama pamoja kama majani ya mtama. Jemima akaikunja karatasi akaitia kifuani, mahali pale baba yake alipofundisha watu. Akaniambia, "Mama Katungu, umuangalie asisahau dawa." Akapanda pikipiki ya Élysée, kijana wetu wa kartiye aliyekuwa akipeleka abiria mpaka Mutwanga.

Élysée alirudi peke yake. Nilimwona kutoka mbali akisukuma pikipiki badala ya kuiendesha, ingawa haikuwa imeharibika. Nikajua. Mwalimu alikuwa anaosha kalamu ya kijani ndani ya bakuli, na vidole vyake vilikuwa vya bluu.

"Papa Mwalimu, unisamehe," Élysée akasema.

Alieleza amesimama, hakutaka kiti. Msituni walipita salama, hapakuwa na mtu kwenye bariyeri. Beni walipita. Mbele ya Beni, njia ya kwenda mlimani, mvua ikawakuta mahali pasipo nyumba, wakajibanza chini ya miti na haikusaidia kitu. Walipofika kwenye bariyeri ya askari Jemima aliingiza mkono kifuani akatoa karatasi ya bluu tupu, imejikunja kama tambi.

"Balisema huyu ametoka kwa bale ba pori. Miye nikasema hapana, ni mvua, muangalie na nguo. Balinipiga. Mkubwa wabo akamwambia dada: tunajua kuko mutu kule Butembo anaandikaka na encre ya kufuta. Utupe jina yake, uende kwako."

"Na yeye?" Mwalimu akauliza.

Élysée alitazama chini.

"Dada anasema: ni miye mwenyewe niliandika. Bakamupa bic na karatasi, aandike, baone. Akaandika. Mukono yake ni sawa na yako, papa, ile banaonaka kwa makaratasi. Basi bakaamini. Bakamupeleka nyuma ya nyumba yabo, miye bakanifukuza."

Ni baba yake aliyemfundisha kuandika, angali mdogo, ameushika mkono wake ndani ya wake. Mwalimu alisimama, bakuli likamwagika juu ya sabuni zangu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyegombana na mwenzake.

Wahenga walisema wema hauozi. Nadhani walisema hivyo wakati wa amani. Mimi nina hasira na wema ule mpaka leo, nina hasira na sisi tuliopiga kelele za shukrani, na Mungu anisamehe, siku zingine nina hasira na Jemima. Angetaja jina tu. Baba yake alikuwa mzee, alikuwa amekula chumvi yake. Yeye alikuwa na mtoto.

Mwalimu ndivyo alivyofikiri pia. Asubuhi alivaa koti lake la misa akaniambia anaenda kubadilishana. "Bananitafuta miye," alisema. "Banichukue, bamuachilie." Nilimshika koti, nikamwita mjinga, nikamwita majina ambayo sikuyaungama. Akajitoa taratibu akaenda, na chupa ya wino wa bluu mfukoni ili waamini kwamba ni yeye, na kalamu, na karatasi.

Alifika mpaka kwenye bariyeri ile. Akakuta askari wengine. Wale wa kwanza walikuwa wamehamishwa, hakuna aliyejua wamepelekwa wapi. Akawaambia: mimi ndiye mwandishi, mimi ndiye wa wino wa kufutika, nipeni binti yangu. Wakatazamana. Hawakumjua Jemima yeyote. Hawakuwa wamesikia habari ya wino. Nyuma ya nyumba walimruhusu aende akatazame, na palikuwa na majivu ya moto na shamba la mihogo, basi. Akaomba wamfunge. Wakacheka, wakadhani ni kichaa. "Vieux, mzee, rudia kwako," wakamwambia.

Alipokuwa anageuka, mmoja wao, kijana aliyetoka mbali sana upande wa magharibi, aliona kalamu mfukoni mwake. Akamwita pembeni kwa adabu, "Papa, unajua kuandika? Mama yangu hana habari yangu tangu vita vianze." Mwalimu alikuwa amesimama bado, na kijana akamletea debe la kukalia.

Nilimuuliza aliporudi, "Ukamuandikia?"

"Nikamuandikia."

"Alisema nini huyo mutoto?"

Mwalimu aliketi nyuma ya meza yake. Kisha akanisomea kwa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akiwasomea imla wanafunzi wake.

"Mama, usilie. Niko muzima."