Mkunga Kwenye Boti ya Mwalimu

Mkunga alistaafu baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya wazazi, akidhani sasa atalala. Mumewe, aliyekuwa mwalimu mkuu, akaja na habari kwamba amenunua boti. Ilikuwa ndogo, imeundwa kama zile zinazokokota meli bandarini: pua juu, bomba jekundu la moshi, na choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango.

"Tutatembea pwani nzima, mama watoto," mwalimu alisema.

Kutembea hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuegesha. Kila Jumamosi jioni wakirudi, majirani wa gatini walitoa viti nje na kukaa mkao wa kula. Mwalimu alishika usukani, mkunga akasimama mbele na kamba.

"Rusha!" mwalimu alifoka. "Usirushe! Nimesema kamba ile!"

Boti iligonga nguzo, ikarudi nyuma, ikaigonga tena kana kwamba imesahau kitu pale.

Wiki ya tatu iligonga boti ya jirani, ya hakimu mstaafu aliyekuwa ametulia humo akinywa chai. Chai yote ikammwagikia mapajani. Mkunga akaweka kamba chini.

"Baba watoto, nyamaza."

Mwalimu akanyamaza. Hata yeye alishangaa.

"Punguza moto. Pumua. Usisukume bado." Ilikuwa sauti ya chini, ileile ya wodini. "Iache ije yenyewe... vizuri, baba. Sasa sukuma kidogo. Kidogo, nimesema! Acha. Pumua."

Mwalimu, jasho likimtiririka, alitii neno kwa neno. Boti ikateleza hadi mahali pake, ikaligusa gati taratibu.

Mlinzi wa gati akapaza sauti, "Hongereni! Wa kike au wa kiume?"

Gati zima likavunjika mbavu. Mwalimu alijifungia kwenye chumba cha usukani, akifuta kioo kilichokuwa safi. Mkewe alipoingia, mwalimu akamuuliza kwa unyonge, "Wale wanawake wa wodini nao walikuwa wanakasirika?"

"Walinitukana mpaka ukoo. Wewe umekuwa mpole."

Jumamosi iliyofuata hakimu alimwomba mkunga awasaidie na wao, maana wakishaegesha mkewe hununa siku mbili. Mkunga akapanda. Hakimu alipomfokea mkewe mara ya kwanza tu, mkunga akamwambia azime injini. Wakakaa palepale katikati ya maji mpaka hakimu alipomwomba mkewe radhi.