Wiki ya Kliniki ya Mbuthia

Mbuthia wa buchari ya soko la Burma hakuwa mwongo kwa kazi yake. Mzani wake ulikuwa sawa, na nyama ya jana alikuambia ni ya jana. Lakini kwa habari ya sukari iliyokuwa ikimsumbua mwilini, jamani, mzee huyo alikuwa bingwa wa uongo!

Wiki ya kliniki ikikaribia, aligeuka mtakatifu. Alikula mboga za managu, akameza dawa bila kukumbushwa, jioni akatembea kutoka mtaa wa Tassia hadi ule wa Donholm watu wakimwona. Akidungwa kidole kliniki, kipimo kinatoka kizuri. Akitoka hapo, moja kwa moja Burma: mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, chipsi, soda baridi, na dawa zinarudi kabatini hadi wiki nyingine ya kliniki.

"Ningekuwa mgonjwa si ningeumwa?" alijiambia.

Jioni ya siku ya kliniki watu wa ushirika wa kanisa walikuja kwake kuimba, naye akasimama kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Sukari imeshuka!" Makofi yalipigwa mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Warigia, mkewe, alilia kwa furaha. Maskini, alikuwa ameacha kutia sukari kwenye chai yake mwenyewe, ili mumewe asijione peke yake.

Safari hii Mbuthia alikuwa na kidonda kwenye dole gumba la mguu. Kiatu kilimchubua, kidonda kikakataa kupona, akakificha ndani ya soksi. Huko kliniki, daktari Clare alimwambia avue viatu na soksi. Alimfunga mkanda wa kupimia presha juu ya kifundo cha mguu, akaujaza hewa, akaujaza tena, akakunja uso.

"Mzee, mshipa wako haubonyezeki. Umekakamaa kama mpira wa maji ulioachwa juani. Damu haifiki vidoleni vizuri."

"Lakini sukari yangu ni nzuri, daktari. Si umeona?"

"Hiyo ni ya leo. Damu tuliyotoa mkononi inatuonyesha miezi mitatu iliyopita, na sukari imekuwa juu muda wote huo. Ndiyo inayoharibu mishipa kutoka ndani hadi inakuwa migumu. Haiumi, na huo ndio ubaya wake. Kesho urudi umwone daktari wa upasuaji. Huenda dole likakatwa. Tukichelewa, ni mguu."

Mguu! Mtu anayesimama kutwa nzima mbele ya gogo la kukatia nyama! Mbuthia aliogopa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameyaficha hata kwa mwanamke aliyempikia.

Alipofika nyumbani, Warigia alikuwa ameshaita watu wa ushirika. Waliimba wakamaliza, wakamgeukia.

"Haya, Baba Munene, tuambie," Warigia alisema, uso umejaa furaha.

"Bwana asifiwe," Mbuthia alisema.

"Amina!"

Akaketi, akavua kiatu, akavua na soksi.

"Nimewadanganya. Dawa huwa nameza wiki ya kliniki tu."

Hakuna aliyepiga makofi. Warigia alikitazama kile kidonda, kisha akamtazama usoni.

"Na mimi ninakunywa chai bila sukari miaka hii yote! Kwa ajili ya nani, Baba Munene?"

Hasira ilikuwa bado midomoni alipopiga magoti na kuushika mguu. "Uuui! Mbona baridi hivi?" Akaanza kuvisugua vile vidole vizima, kwa nguvu, ili vipate joto. "Unasikia mikono yangu?"

Mbuthia aliinama akaitazama ikienda na kurudi.

"Ninaiona tu, Mama Munene," alisema. "Siisikii."