Nilisema Ni Wangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele hakuna pa kuchekea. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Mimi ni fundi ujenzi, naishi Maisaka hapa Babati. Maisha yangu yote nimepima kwa kamba na timazi, na kitu kisichopimika nilikuwa sikipi hata dakika moja. Nilikuwa.

Kila Krismasi kuna watu wanakuja mjini na malori yao, wanafunga bembea kwenye uwanja wa wazi. Kuna gurudumu kubwa, kuna viti vya kuzunguka, na kuna Joka. Joka ni kitreni cha viti viwili viwili, kichwa kimepakwa rangi ya kijani, meno meupe yamechongoka. Kinapanda reli polepole kikilalamika mpaka juu, halafu kinajiachia, kinakata kona mpaka unahisi utumbo umebaki nyuma. Wenye miji mikubwa labda watakidharau. Kwetu sisi ndiyo sikukuu yenyewe. Binti yangu Happy, aliyekuwa na miaka saba wakati haya yananikuta, alikuwa anaanza kuliulizia Joka mahindi yakiwa bado shambani, na mimi, usimwambie mtu, nilikuwa nalipenda kuliko yeye.

Mke wangu hajawahi kuja pale hata mara moja. Kila mwaka anasema ana kazi jikoni. Sababu nilikuwa naijua, ndiyo maana sikumuuliza.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Kabla ya Happy tulipata mtoto mwingine wa kike. Aliishi siku tatu. Nilikuwa nimepata kazi ya kumwaga zege Bonga, na asubuhi ya siku ile ya tatu nilimwekea kidole changu cha mwisho kiganjani. Akakishika kwa ngumi nzima, unajua vichanga wanavyoshika. Nikamwambia, "Baba anakuja sasa hivi." Niliporudi jioni alikuwa ameshafunikwa. Tulimzika Sigino, shambani kwa mama yangu, hata jina hatujampa.

Sasa sisi tuliotoka Mbulu tuna desturi yetu. Nyumba iliyofiwa na kichanga inajitenga. Wazazi hawaendi sokoni, hawapeani mkono na mtu, hawali chombo kimoja na wengine, mpaka wazee waseme imetosha. Mke wangu alikaa siku zote. Mimi nilikaa mbili. Ya tatu niliaga, nikasema zege halisubiri msiba. Mama alinifuata mpaka barabarani, kanga imemdondoka begani.

"Kaa, mwanangu," akaniambia. "Mtoto akija kukuaga asipokukuta nyumbani, atakutafuta kwenye watu."

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kizamani, nikapanda bodaboda. Toka siku ile, mtu akiniuliza nina watoto wangapi, nilikuwa namjibu mmoja. Na watu wakaniita Baba Happy, kana kwamba Happy ndiye wa kwanza.

Basi. Siku ya pili ya Krismasi, mwaka juzi, tukaenda. Tulipanda Joka mara nne, mimi na Happy, tukipiga kelele kama tumefunguliwa mbwa. Ukifika kule juu unaliona ziwa lote la Babati, na mlima Kwaraa uko upande wa pili, halafu kabla hujamaliza kutazama unashushwa. Tulipotaka kupanda ya tano Happy akasema tumbo linamzunguka. Nikamkalisha kwenye benchi kando ya uzio, na soda yake mkononi. Benchi lile lilikuwa jirani kabisa na mama anayesimamia Joka, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni.

"Panda wewe, baba," Happy akasema. "Mimi nakuangalia."

Nikaenda peke yangu. Pale mlangoni kuna ubao wenye mstari mwekundu. Mtoto asiyefikia mstari haruhusiwi kupanda bila mtu mzima. Chini ya ubao ule alikuwa amesimama msichana wa miaka kama tisa hivi, mwembamba, gauni limepauka. Nywele zake zilikuwa laini sana, kama za mtoto ambaye hajawahi kunyolewa. Hilo niliona, lakini kuona ni kitu kimoja na kufikiri ni kingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Vipi, umepotea?"

"Naomba nipande na wewe. Peke yangu hawaniruhusu."

Mama wa filimbi akatugeukia. "Huyu wako?"

Wewe ungesemaje? Mtoto sikukuu, anaomba kupanda tu. Nikacheka, nikamwambia, "Ee, wangu huyu. Tufungulie."

Tukakaa. Mama wa filimbi akatushushia chuma mapajani, kikalia ta, akapuliza. Wakati tunapanda, yule mtoto akanyoosha mkono akashika kidole changu cha mwisho. Hakushika mkono. Kidole kimoja tu, kwa ngumi nzima. Na mkono wenyewe ulikuwa na baridi ya sakafu ya saruji asubuhi.

"Wewe ni wa nani?" nikamuuliza, kama tunavyouliza watoto wote.

"Wa kwako. Si umesema?"

Nikacheka tena, ila kicheko hakikufika mbali. "Jina lako?"

"Sijapewa."

Joka likajiachia. Kwenye kona ile kali, uliyekaa ndani lazima umwangukie aliyekaa nje, hakuna ujanja. Mimi nilikuwa ndani. Nilimwangukia, nikaenda mpaka ukingo wa kiti, nikagonga bega kwenye bati. Yeye alikuwa pale pale, namwona kwa macho, ila bega langu halikukutana na mtu. Kidole tu ndicho kilichobanwa.

Tukapita mbele ya uzio. Happy alikuwa amesimama, ananipungia.

Mzunguko wa pili. Yule mtoto alikuwa ananitazama mimi, hatazami ziwa wala watu. "Ulisema unakuja sasa hivi," akaniambia.

Niamini, nilielewa hapo hapo. Mtu hasahau aliyoyasema kwa mtoto wake. Maneno yale nilikuwa nimemwambia kiumbe mmoja tu, kwenye chumba ambacho hakukuwa na mtu mwingine macho. Mke wangu alikuwa amelala. Nikataka kupiga kelele, lakini kwenye Joka nani anayesikiliza kelele? Kila mtu anapiga.

Tukapita mbele ya uzio. Happy alikuwa ameketi benchini, kichwa amekiinamisha, na soda imemwagika miguuni.

"Simamisha!" nikamlilia mama wa filimbi. Akanipungia mkono akitabasamu.

Mzunguko wa tatu nilipambana na kile chuma. Mimi nabeba mifuko ya saruji miwili miwili, lakini chuma hakikusogea hata kidogo. Yule mtoto akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha zaidi, "Ukishuka unaenda kwa yule?"

"Yule ni mdogo wako," nikasema. Sijui nilitoa wapi neno hilo. Miaka tisa lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu.

"Yeye unakujaga kwake kila siku."

Tukapita mbele ya uzio. Happy alikuwa amelala chini kwenye vumbi, kiatu kimoja kimemtoka.

Sikiliza, mimi si mtu wa kulia. Nililia pale juu kwenye reli, mbele ya mji mzima uliovaa nguo mpya. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia nilikimbia, kwamba haikuwa zege, zege lingesubiri. Nilishindwa tu kukaa kwenye nyumba ile. Nikamwomba amwache mdogo wake, mimi nitakuja kukaa.

"Lini?"

"Leo."

Kidole kikaachiwa. Joka likapunguza mwendo, likasimama, chuma kikafunguka kama hakikuwa na shida yoyote. Sikuangalia pembeni yangu. Nilikimbia, nikamwokota Happy. Mwili ulikuwa wa moto na macho yamegeuka.

Mama wa filimbi alikuja mbio. Wakati naita bodaboda akanishika shati. "Yule binti yako mwingine yuko wapi?" akauliza. "Ameshukia wapi?" Kisha, alipoona sura yangu, akashusha sauti. "Baba, yule mtoto ameshinda kwenye ubao ule siku tatu. Kila mzazi aliyeombwa nilimuuliza kama ni wake, wakasema siyo. Wewe peke yako ndiye uliyekubali."

Hospitali wakampima malaria, hakuna. Wakapima vingine, vyote safi, na homa inazidi kupanda. Mke wangu akaja mbio, mikono bado ina unga. Nikamwambia yote, nikitegemea atasema nimechanganyikiwa. Hakusema hivyo. Aliweka mkono juu ya paji la uso wa Happy.

"Wiki zote zile nilikaa peke yangu," akasema. "Kila jioni yule wa kwanza alikuwa analia nje ya dirisha. Nikawa namwambia nyamaza, baba anakuja. Nimemdanganya kwa ajili yako. Nenda ukakae."

Niambie wewe, unamwachaje mtoto mgonjwa kitandani ukaenda kwa aliyekufa? Nilisimama mlangoni pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ningebaki ningekuwa nimesema uongo mara ya pili, na safari hii nilijua malipo yake. Nikaenda Sigino. Jua lilikuwa halijazama. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee sana, aliponiona naingia shambani bila kumpa mkono hakuuliza kitu. Alinitolea sahani ya peke yangu na kikombe cha peke yangu, akaviweka mbali na vya wengine.

Nilikaa kando ya kile kituta kidogo cha kaburi, ambacho miaka yote mama alikuwa akikipalilia bila kuniambia. Kabla ya giza simu ikaita. Homa imeshuka, mke wangu akasema, Happy ameomba chai. Sikuondoka hata hivyo. Nilikaa mpaka wazee waliposema imetosha, kazi zangu mbili zikachukuliwa na mafundi wengine, wacha zichukuliwe. Mke wangu alipokuja na Happy tulimpa yule mtoto jina. Silitaji hapa, ni la kwetu.

Unadhani yameisha? Kidole changu cha mwisho mpaka leo ni cha baridi. Nikikigonga kwa nyundo sisikii. Na mwaka jana, tajiri mmoja niliyekuwa namjengea aliniuliza katika mazungumzo tu nina watoto wangapi, na mimi kwa mazoea, ulimi hauna mfupa, nikamjibu mmoja. Kidole kikabanwa hapo hapo, ngumi nzima. Nilipofika nyumbani Happy alikuwa kitandani na homa, nikaondoka tena kwenda Sigino kabla sijavua viatu.

Joka bado linakuja kila Krismasi. Happy hataki hata kulisikia, na mimi siku ya pili ya Krismasi nakaa shambani. Wewe kama umefiwa, kaa msibani, kazi itakusubiri au itachukuliwa. Na ukimkuta mtoto peke yake kwenye bembea, usimwambie maneno usiyoweza kuyatimiza. Ukiniuliza mimi watoto wangu, ni wawili. Usiniulize mara mbili, tafadhali, maana naogopa kukosea.