Waingereza niliowapigia simu walinijibu vizuri mno, bosi akanishuku

Wakuu, salamu popote mlipo. Haya sikusimuliwa na mtu, yamenipata mwenyewe hapa Doha na bado yananikereketa.

Mimi ni Mkenya, naishi mtaa wa Muaither. Ofisi yetu hupigia simu watu wa Uingereza kuwauliza maoni yao. Siasa, hospitali, polisi, ushuru. Unasoma swali vile limeandikwa, unabonyeza jibu. Maoni yako wewe, weka mfukoni.

(Msiniulize kwa nini maoni ya Waingereza yanatafutwa kutoka jangwani. Hata mimi nimewahi kujiuliza.)

Sasa likaja swali la wahamiaji. Waongezwe, wapunguzwe, ama idadi ibaki ilivyo?

Siku moja bosi, Mlebanoni wa maneno machache, akaniita na kufunga mlango. Akasema majibu yangu hayafanani na ya wenzangu. Watu wao, wengi wanataka wahamiaji wapunguzwe. Wangu, karibu wote wanawakaribisha.

"Brian, unajijazia majibu mwenyewe?"

Nikakana. Akaniangalia tu.

Wakuu, huku kazi ikiisha hata kibali cha kukaa kinaenda nayo.

Nikaanza kushuku kila mtu, hasa Patience. Huyu ni Mganda aliyelelewa Uingereza, ukimsikia kwa simu utaapa ni mzungu. Tulikuwa tunakula lunch pamoja. Ghafla akawa ananikwepa. Hata Ijumaa, siku ya ibada huku, kanisani Mesaimeer alinipungia mkono kwa mbali, akapotelea kwa watu.

Nikajiambia, ndiye amenichoma kwa bosi.

Kumbe bosi alikuwa amempa watu niliowahoji awapigie upya, na kumkataza kuniambia.

Jumapili, wiki ya kazi inapoanza huku, tulipoingia kazini bosi akatuita wote wawili, akatuchezea rekodi. Ya kwanza ilikuwa yangu. Mama mzee, namkumbuka vizuri. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya, akasema marehemu mumewe aliwahi kufanya kazi huko. Kuhusu wahamiaji alisema waje tu, wanahitajika. Akanibariki kabla ya kukata simu.

Halafu ya Patience. Mama yule yule, sauti ile ile.

"Wamezidi, mwanangu. Warudi kwao. Lakini siku hizi lazima ujue unaongea na nani."

Patience alikuwa anaangalia meza. Mimi masikio yalikuwa yanawaka.

Bosi akaniomba radhi, kisha akanitoa kwa swali la wahamiaji. Siku hizi nauliza watu kuhusu mabasi na takataka.

Patience alinifuata kwa ngazi, akauliza kama nimemkasirikia. Nikamwambia sijui.

"Wewe umesikia mmoja," akasema. "Mimi nayasikia hayo kutwa nzima, na kila mtu lazima nimwambie asante."

Kesho yake nikaenda kukaa naye lunch, tukala bila kuongea sana.

Nilichojifunza: watu hupima sikio kabla ya kufungua mdomo. Nikisikia kwa habari eti wananchi wamesema hivi na vile, swali langu la kwanza ni nani aliwauliza, na lafudhi yake ilikuwa gani.

Mlio Uingereza, nisaidieni. Yule mama alimwambia nani ukweli, mimi ama Patience? Ama wote wawili? Nimegeuza hili swali kila upande na halinikai.